Jinsi ya Kufanya Utafiti katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeandaa mradi wake wa kwanza wa utafiti, mwanafunzi wa uzamili aliyekwama katika sura ya mapitio ya maandiko, na mtafiti wa nje ya chuo anayefika Mlimani kwa mara ya kwanza. Unaihusu Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ingawa mengi yatakayoelezwa yatamfaa pia msomaji wa Makerere, Nairobi, Dodoma au Zanzibar, kwa kuwa maktaba za vyuo vikuu zina taratibu zinazokaribiana. Ili maelezo yasielee hewani, tutafuata mada moja tangu mwanzo hadi mwisho: haki ya wanawake kurithi ardhi ya ukoo mkoani Kagera. Mada hiyo ina sheria, ina historia, ina mila na ina istilahi za Kihaya, kwa hiyo inampitisha mtafiti karibu katika kila sehemu ya maktaba.

Chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Historia hiyo inaeleza kilichomo rafuni. Tangu miaka ya mwanzo ya uhuru maktaba imekuwa ikipokea, kwa mujibu wa sheria, nakala za machapisho yanayotolewa nchini, na ndiyo maana anayechunguza Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 atakuta humo ripoti, vijitabu na magazeti ambayo hayapatikani mtandaoni. Kwa upande wa majarida ya nje, si ajabu kukuta mapengo katika miaka ya 1980, wakati nchi ilipokuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Jengo jipya, lililojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, linaweza kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000. Ukubwa huo humshawishi mgeni kuanza kuzunguka rafuni bila mpango, naye hutoka jioni akiwa na picha nyingi katika simu na hoja chache daftarini.

Kabla ya kugusa rafu

Mwanafunzi huingia kwa kitambulisho cha chuo, na hicho ndicho kinachotumika kaunta anapoazima kitabu. Idadi ya vitabu anavyoruhusiwa, siku za kukaa navyo na faini ya kuchelewesha hutegemea ngazi ya masomo, na hubadilishwa mara kwa mara, hivyo aulize kaunta badala ya kutegemea maneno ya wenzake. Vitabu vinavyogombewa na darasa zima huwekwa katika hifadhi maalumu na husomwa humo humo kwa saa chache. Mtafiti kutoka taasisi nyingine aje na barua ya utambulisho, na aliyetoka nje ya nchi ahakikishe kwanza kwamba amepata kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH. Barua na kibali hicho vitahitajika pia katika ofisi nyingine atakazopelekwa na utafiti wake, kwa hiyo atembee na nakala kadhaa.

Kazi yenyewe huanza kwa sentensi moja. Liandike swali lako kikamilifu, kwa mfano: “Je, tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1990 kuhusu mwanamke aliyeuza ardhi ya ukoo, wanawake wa Wilaya ya Muleba mkoani Kagera wamepata nafasi kubwa zaidi ya kurithi mashamba ya ukoo?” Kisha litenganishe katika dhana zake: wanawake, urithi, ardhi ya ukoo, Muleba, na kipindi cha baada ya 1990. Chini ya kila dhana andika maneno yote ambayo mwandishi mwingine angeweza kuyatumia kwa jambo hilo hilo, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na, pale inapofaa, kwa lugha ya wenyeji. Karatasi hiyo utakaa nayo kwa miezi, na kila unaposoma makala mpya utaiongezea neno. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii kwa kuona inapoteza muda, lakini anayeandika neno moja tu katika kisanduku cha kutafutia hupata kile kilichoandikwa na watu waliotumia neno hilo hilo, na wengine wote humpita.

Hatua inayofuata ni kumwona mkutubi, na ningependa kulikazia jambo hili kuliko jingine lolote katika mwongozo huu. Wakutubi wa marejeo wamesomea kazi ya kutafuta maarifa. Wapo wenye shahada za uzamili na uzamivu katika fani hiyo, na wengi wamewahudumia watafiti wa mada nyingi kwa miaka mingi. Hata hivyo wanafunzi huwaendea kuuliza mahali pa kuchapisha karatasi au pa kuchaji kompyuta tu. Ukimwambia mkutubi kwamba unatafuta vitabu vya ardhi, atakuelekeza kwenye rafu, na hapo msaada wake utakuwa umekwisha. Ukimwambia hivi, mambo yatakuwa tofauti: “Shikamoo mama. Ninachunguza namna Wahaya walivyogawa mashamba ya ukoo baada ya mwenye shamba kufariki, na ninahitaji maandishi ya kabla ya 1963. Nimeshatafuta kwenye katalogi kwa maneno haya.” Hapo unampa mada, mahali, kipindi na orodha ya ulikokwisha kupita. Ataanza kukuuliza yeye: unasoma Kijerumani, unahitaji takwimu au masimulizi, msimamizi wako ni wa idara gani? Mazungumzo ya dakika kumi ya namna hiyo huweza kuokoa wiki nzima. Baada ya wiki mbili mrudie ukamweleze ulichopata na ulichokosa, kwa sababu majibu yako ya kwanza ndiyo yanayomwonyesha pa kukupeleka baadaye.

Katalogi na majina yaliyobadilika

Katalogi ya kompyuta hukuwezesha kutafuta kwa jina la mwandishi, kwa anwani ya kitabu, kwa mada na kwa neno lolote. Mada katika katalogi za vyuo vyetu kwa kawaida zimeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa vichwa maalumu vilivyokubaliwa na wakutubi wa dunia. Kitabu kinaweza kuwa cha Kiswahili toka jalada hadi jalada na bado mada yake katika katalogi ikasomeka “Land tenure” au “Customary law”. Njia rahisi ya kuvijua vichwa hivyo ni kuanzia kwenye kitabu kimoja ambacho una hakika kinahusu jambo lako, kufungua taarifa zake kamili, na kubofya kichwa cha mada kilichoandikwa humo. Vitabu vingine vilivyopewa kichwa hicho vitajitokeza, hata vile ambavyo anwani zake zisingekupitia kichwani.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika majina ya mahali. Mkoa wa Kagera uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, baada ya vita vya Uganda. Wakati wa Waingereza, Bukoba ilikuwa wilaya katika Jimbo la Ziwa, ndani ya nchi iliyoitwa Tanganyika, na kabla ya hapo ilikuwa ndani ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Ripoti ya mwaka 1938 kuhusu migogoro ya mashamba haiwezi kuwa na neno “Kagera” kwa maana ya mkoa, wala neno “Tanzania”, kwa kuwa hayakuwapo. Vivyo hivyo kwa watu: utawakuta Wahaya wakiitwa Haya, Bahaya, au wakitajwa kwa jina la eneo moja tu kama Kiziba. Mtafiti wa Kilimanjaro, wa Rukwa au wa Kisarawe atakumbana na jambo hilo hilo kwa sura nyingine, kwa sababu mipaka ya wilaya zetu imekatwa na kukatwa tena. Kwa hiyo tengeneza orodha ya majina ya eneo lako kwa kila kipindi kabla ya kukata tamaa kwamba hakuna kilichoandikwa.

Istilahi za wenyeji nazo zina nguvu yake. Neno “nyarubanja”, lililotaja mfumo wa umwinyi wa mashamba huko Bukoba ambapo mtwana alimlipa mwenye ardhi kodi na utumishi, litakuletea matokeo machache lakini karibu yote yatahusu jambo unalolitafuta, ikiwamo sheria ya mwaka 1965 iliyotungwa ili kuwakomboa wapangaji wa ardhi hiyo. Neno “kibanja”, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, hufanya kazi hiyo hiyo. Linganisha na neno “land”, ambalo litakumwagia maelfu ya matokeo yasiyo na mpaka.

Unapoyaunganisha maneno, kumbuka viunganishi vitatu ambavyo katalogi na kanzidata nyingi huvielewa vikiandikwa kwa herufi kubwa. AND hupunguza matokeo kwa kudai maneno yote mawili yawepo. OR huyaongeza kwa kukubali mojawapo. NOT huondoa usichokitaka, na itumie kwa tahadhari kwa sababu huweza kuondoa pamoja na kilicho chema. Kwa mada yetu utaandika: (Kagera OR “West Lake” OR Bukoba OR Haya) AND (inherit* OR succession) AND women. Kinyota mwishoni mwa neno hukubali miisho yote ya neno hilo, na alama za kunukuu huyashika maneno mawili yasitengane.

Kusoma namba iliyo mgongoni mwa kitabu

Maktaba hii hupanga vitabu vyake kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaoanza kwa herufi na si kwa tarakimu pekee. Historia ya Afrika iko chini ya DT, lugha za Kiafrika pamoja na Kiswahili zipo PL, sheria ziko K, kilimo kiko S, sayansi asilia ziko Q, na tiba iko R. Baada ya herufi hufuata tarakimu zinazosomwa kama namba nzima, kwa hiyo DT 443 hutangulia DT 1025. Sehemu inayofuata, inayoanza kwa nukta na herufi, husomwa kama desimali, na hapa ndipo wengi hupotea: .H39 hutangulia .H4, kwa kuwa 0.39 ni ndogo kuliko 0.4. Msomaji asiyejua jambo hili hupita rafu nzima akitafuta .H39 baada ya .H4, kisha huenda kaunta akisema kitabu kimeibwa, kumbe kipo hatua mbili nyuma yake.

Mada yetu ya Kagera itakutawanya. Uchumi wa ardhi uko HD, wanawake na familia wako HQ, mila na anthropolojia ziko GN, historia ya Bukoba iko DT, na sheria za urithi ziko K. Nenda katika kila rafu hizo na, ukishafika kwenye kitabu ulichokijia, tazama kumi vilivyo kushoto na kumi vilivyo kulia. Fungua ukurasa wa yaliyomo na orodha ya marejeleo ya kila kimoja. Ukimaliza usikirudishe wewe rafuni. Kiache mezani au kwenye kitoroli, kwa sababu kitabu kilichorudishwa mahali pasipo pake hakionekani tena hadi rafu ihakikiwe upya, na mwenzako atakikosa kwa muda huo wote.

East Africana

Sehemu iitwayo East Africana ndiyo inayoipa maktaba hii thamani isiyopatikana kwingine, na inasikitisha kuona wahitimu wanaotoka chuoni bila kuwahi kuingia humo. Humo mna machapisho ya nchini yaliyopokewa kwa mujibu wa sheria, ripoti za serikali, magazeti ya zamani, tasnifu, ramani na makusanyo ya nyaraka za watu binafsi. Rafu zake hazitembelewi ovyo: unatafuta kwenye katalogi, unajaza karatasi ya maombi, unaletewa, unasoma ukiwa hapo hapo, na unarudisha. Andika kwa penseli, weka mbali chai na maji, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha ukurasa wowote. Karatasi ya miaka sitini katika joto la Dar es Salaam huvunjika kwenye mkunjo, kwa hiyo ifungue taratibu kwa mikono miwili na uiache ilale mezani.

Miongoni mwa makusanyo hayo yamo ya Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni na aliyeandika sana juu ya sheria za kimila za Wahaya na Wasukuma, na ya Henry Fosbrooke, naye mwanasosholojia wa serikali wa enzi hiyo. Yapo pia maandiko ya mkono ya Kiswahili na Kiarabu yaliyokusanywa pwani, mengi yakiwa tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Katalogi ya mkusanyo huo iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970, na mtafiti wa fasihi aisome kwanza kabla ya kuomba andiko lenyewe.

Tukae kidogo na karatasi za Cory, kwa kuwa zinafundisha namna ya kusoma nyaraka. Mtafiti wa mada yetu atafurahi kukuta kanuni za urithi zimepangwa kwa namba, wazi na fupi. Kabla ya kuzinukuu kama “mila ya Wahaya”, ajiulize zilipatikanaje. Kanuni hizo zilitolewa zaidi na wazee na watemi, ambao walikuwa wanaume wenye masilahi yao katika ardhi, zikaandikwa kwa ajili ya serikali iliyotaka sheria zinazoweza kutumiwa mahakamani. Mjane aliyebaki katika kibanja cha marehemu mumewe hakuwa na kauli katika kikao cha namna hiyo. Haina maana kwamba nyaraka hizo hazifai. Maana yake ni kwamba zinakueleza vizuri kile ambacho wenye mamlaka walisema, na zinakuacha utafute kwingine kile kilichotendeka mashambani. Katika daftari lako andika kila mara jina la mkusanyo, namba ya jalada, tarehe iliyo kwenye waraka na jina la mwandishi wake. Picha ya simu isiyo na namba ya jalada haiwezi kutajwa katika tasnifu.

Pale East Africana itakapokuishia, nenda katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako kuna majalada ya utawala wa Wajerumani na wa Waingereza pamoja na vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika habari za maeneo yao. Anayechunguza Visiwani atahitaji Nyaraka za Taifa za Zanzibar.

Sheria na hukumu

Hukumu nyingi na sheria za Tanzania husomwa bila malipo katika tovuti ya TanzLII. Kwa mada yetu hukumu ya msingi ni ile ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, iliyotolewa na Jaji Mwalusanya katika Mahakama Kuu Mwanza mwezi Februari 1990. Mwanamke alikuwa ameuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, mtu wa ukoo wake akaupinga uuzaji huo, na mahakama ikasema kwamba kumnyima mwanamke haki ambayo mwanamume wa ukoo anayo kunapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Isome hukumu yenyewe, usiishie kwenye makala zinazoieleza. Hukumu inataja Kanuni ya 20 ya kanuni za urithi katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, iliyosema kwamba wanawake wanaweza kurithi, ila ardhi ya ukoo wataitumia tu bila kuiuza, isipokuwa pale ambapo hakuna mwanamume katika ukoo huo. Kanuni hiyo utaikuta katika matangazo ya serikali ya mwaka 1963. Ukishaisoma, rudi East Africana uone namna mila za Bukoba zilivyokuwa zimeandikwa miaka iliyotangulia, ulinganishe sentensi kwa sentensi. Kisha twende mbele: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke fursa halali ya kumiliki, kukaa katika au kutumia ardhi. Kwa njia hiyo hati moja iliyo wazi mtandaoni imekuongoza nyuma hadi kwenye nyaraka na mbele hadi kwenye sheria ya sasa, na sura ya historia katika tasnifu yako imepata uti wa mgongo.

Majarida ya mtandaoni

Makala nyingi za kitaaluma zimefungwa, na mtu binafsi hudaiwa dola kadhaa kwa kila moja. Msilipe. Vyuo vya Tanzania hununua haki ya kusoma kwa pamoja kupitia umoja wao uitwao COTUL, na Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hupata bila malipo huduma ya Research4Life. Huduma hiyo ina programu tano: Hinari ya afya, iliyoanza mwaka 2002, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya ubunifu na teknolojia, na GOALI ya sheria na haki, ambayo ndiyo itakayomfaa mtafiti wetu. Ingia kupitia ukurasa wa maktaba, siyo moja kwa moja katika tovuti ya mchapishaji, kwa sababu mchapishaji hawezi kujua kwamba wewe ni wa chuo ukimwendea kwa mlango mwingine. Ukiwa nyumbani, mwombe mkutubi akuelekeze utaratibu wa kusomea nje ya chuo na akupe nenosiri linalotumika kwa wakati huo.

Kwa majarida yanayotolewa na Waafrika, anza na African Journals Online, inayoendeshwa kutoka Afrika Kusini. Mtafiti wa Kiswahili asiache kuyatazama majarida ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yaani Kiswahili na Mulika, ambayo matoleo yake ya zamani ni heri kuyasoma katika karatasi. Nashauri hili kwa sababu ya uzito wake: sura ya mapitio iliyojaa wanazuoni wa Ulaya na Marekani pekee, huku mjadala wenyewe ukiwa umefanyika Dar es Salaam, huwa haijakamilika.

Google Scholar husaidia kutafuta mbele. Ukipata makala muhimu ya mwaka 1995, bofya kiungo kinachoonyesha walioitaja, nawe utaletewa walioijadili baadaye. Makala ikifungwa, tazama kama mwandishi ameiweka katika hazina ya chuo chake, yaani hifadhi ya mtandaoni ya kazi za wanazuoni wake. Ikishindikana, mwandikie barua pepe fupi yenye adabu, kwani waandishi wengi hutuma nakala. Jarida lolote usilolijua likikuahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa malipo, liulizie kwa mkutubi kwanza. Programu za akili mnemba nazo zitumike kwa uangalifu, maana huweza kukutungia marejeleo yenye jina la mwandishi, mwaka na namba za kurasa, ilhali makala hiyo haijawahi kuandikwa. Rejeleo ambalo hujalifungua na kulisoma lisiingie katika orodha yako.

Kutunza marejeleo

Pakua Zotero, programu ya bure iliyopo tangu mwaka 2006, siku ile ile unapoanza kusoma. Huchukua taarifa za makala kutoka kwenye kivinjari, hutunza faili lake, na huingiza marejeleo katika maandishi yako kwa mtindo ambao idara yako inaudai. Hukosea, hususan katika majina yetu, ambapo jina la baba huweza kugeuzwa kuwa jina la kwanza, kwa hiyo kagua kila ingizo. Nyaraka za East Africana utaziingiza mwenyewe kwa mkono. Faili ulilopakua lipe jina papo hapo, kwa mwandishi, mwaka na neno la mada, na nakala ya kila kitu iwe mahali pawili.

Vyuo vingi hukagua tasnifu kwa programu ya kupima mfanano wa maandishi kama Turnitin. Asilimia inayotolewa haisemi kama umeiba. Inaonyesha sehemu zinazofanana na maandishi mengine, zikiwamo nukuu halali na orodha ya marejeleo. Msimamizi ndiye anayeisoma na kuamua. Omba ripoti hiyo mapema ili urekebishe sehemu ambazo umefuata mno maneno ya mwandishi mwingine hata baada ya kumtaja.

Ukimaliza

Kabla ya kuhitimu utatakiwa kurudisha vitabu vyote na kusainiwa na maktaba kwamba hudaiwi, na foleni ya wiki ya mwisho ni ndefu. Mwanafunzi wa uzamili na uzamivu hukabidhi pia nakala ya tasnifu, ambayo huwekwa katika hazina ya mtandaoni ya chuo. Hakikisha nakala ya kielektroniki ni ile iliyosahihishwa baada ya mtihani, jina lako limeandikwa kama lilivyo katika cheti, na kama una namba ya ORCID, ile yenye tarakimu kumi na sita inayomtofautisha mtafiti na wenye majina kama yake, iweke. Ikiwa sehemu ya kazi inasubiri kuchapishwa katika jarida, uliza kama tasnifu inaweza kufungwa kwa muda.

Utaombwa kujaza ikisiri, yaani muhtasari wa tasnifu, na maneno ya msingi. Andika ikisiri kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Katika maneno ya msingi taja Kagera, Muleba, Bukoba na Ziwa Magharibi, kibanja na nyarubanja, pamoja na vichwa vya mada ulivyoviona katika katalogi, kisha mwombe mkutubi avipitie kabla hujabonyeza kitufe cha kuwasilisha.